Nyumba ya kupanga ikienda mnadani: kodi alipwe nani, diposi irudishwe na nani?

Karatasi ya mnada hubandikwa langoni, gundi ikiwa bado mbichi: jina la dalali juu, namba ya hatimiliki, ukubwa wa ploti, idadi ya bedsita na nyumba za chumba kimoja, tarehe ya mnada, na kiasi ambacho mnunuzi lazima afike nacho. Wapangaji hukusanyika, kila mtu anapiga picha kwa simu, na swali la kwanza huwa ni lile lile: tutafukuzwa lini? Hofu hiyo inaeleweka, lakini kwa sheria za Kenya si hapo penye hatari kubwa. Mpangaji wa jengo linalouzwa na benki ni nadra kukosa pa kulala kwa ghafla. Anachopoteza ni pesa zake, yaani diposi (amana aliyotoa alipoingia) pamoja na kodi aliyomlipa mtu ambaye hakustahili tena kuipokea. Na pesa hizo kwa kawaida huwa zimekwisha kwenda kabla nyundo ya dalali haijagongwa.

Tuanze na muda, kwa sababu watu wengi hudhani benki huamka siku moja ikauza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haikubali hivyo. Mkopaji, yaani mwenye nyumba, akishindwa kulipa na hali hiyo ikaendelea kwa mwezi mmoja, benki humpa notisi ya kwanza chini ya kifungu cha 90, ikitaja kiasi anachodaiwa na kumpa muda usiopungua miezi mitatu kulipa. Miezi hiyo ikiisha bila malipo hufuata notisi ya kuuza, chini ya kifungu cha 96, ya siku 40. Kisha dalali, kwa kanuni ya 15 ya Kanuni za Madalali za mwaka 1997, humpa mwenye mali siku 45 za kuikomboa, na baada ya hapo mnada hauwezi kufanywa kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Ukijumlisha unapata siku zipatazo 220, zaidi ya miezi saba tangu mwenye nyumba aanze kuchelewesha malipo. Akienda mahakamani kuomba zuio, muda hurefuka zaidi. Kwa hiyo ukiiona karatasi ya dalali langoni, jua kwamba sehemu kubwa ya safari imepita bila wewe kuambiwa lolote.

Hapo ndipo penye kosa, kwa maana sheria inataka uambiwe. Kifungu cha 96(3) kinawataja watu ambao lazima wapewe nakala ya notisi ya siku 40, na miongoni mwao wamo wapangaji wa ardhi iliyowekwa rehani na wapangaji wa jengo lolote lililo juu yake. Sharti hilo liko kando na lile la kubandika notisi mahali pa wazi kwenye mali; yote mawili yanatakiwa. Kinachofanyika mara nyingi ni lile la pili tu: karatasi moja kwenye ukuta wa nje, mvua inanyesha, msimamizi wa ploti anaibandua kwa amri ya mwenye nyumba, na wapangaji thelathini wanaendelea kulipa kodi kama kawaida. Benki ikiulizwa husema haikujua wapangaji ni akina nani. Jibu hilo halisimami. Mthamini aliyetumwa kukadiria bei ya jengo aliandika ripoti yenye idadi ya nyumba, zipi zimepangishwa na kodi ya kila moja, kwa sababu thamani ya jengo la kupangisha hukadiriwa kwa mapato yake. Benki inayojua kwamba nyumba B4 inalipiwa shilingi 20,000 kwa mwezi inaweza kupitisha bahasha chini ya mlango wa B4.

Mpangaji ambaye hakupewa notisi ana la kufanya. Kifungu cha 103 kinamtaja mpangaji miongoni mwa wanaoweza kuiomba mahakama nafuu dhidi ya hatua za mkopeshaji. Lakini asiende huko akitarajia kuokoa jengo. Mahakama hazipendi kusimamisha mnada kwa sababu ya hasara inayoweza kufidiwa kwa pesa, na kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi hata pale ambapo utaratibu ulikuwa na dosari. Aliyeumizwa hubaki kudai fidia. Faida ya kweli ya kudai nakala ya notisi ni kwamba unaipata tarehe, na tarehe ndiyo inayokuwezesha kuamua kodi ya mwezi ujao iende wapi.

Kabla hata ya notisi kuna dalili, na zile za pesa ndizo za kuaminika kuliko zote. Majengo mengi ya kupangisha ya Ruaka, Kasarani au kando ya barabara ya Thika yamejengwa kwa mkopo, na sharti la kawaida la mkopo wa namna hiyo ni kwamba kodi ilipwe kwenye akaunti iliyo katika benki iliyokopesha. Mwenye nyumba akianza kushindwa kulipa, benki hukata deni lake moja kwa moja kwenye akaunti hiyo, naye anabaki hana kitu mkononi. Ndipo unaposikia agizo jipya: kuanzia mwezi huu msilipe kwenye akaunti, tumeni kwa namba hii ya simu. Au hutolewa ofa: lipa miezi sita mbele upunguziwe mwezi mmoja. Ofa hii ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kodi uliyoilipa kabla ya muda wake kufika ni dhaifu sana mbele ya mkopeshaji aliyechukua usimamizi katikati ya kipindi hicho; wakili wake atasema kwamba kodi ya Agosti ilistahili kulipwa Agosti, na Agosti ilipofika aliyestahili kulipwa alikuwa benki. Dalili nyingine, kama mtu mgeni anayepiga picha za jengo na kuhesabu milango, au taa za ngazi kukatwa kwa bili isiyolipwa, zinaweza kuwa na maana nyingine. Kubadilishwa kwa njia ya malipo bila barua ni nadra kuwa na maana nyingine.

Ukishuku, fanya upekuzi rasmi wa hatimiliki kwenye masjala ya ardhi. Unahitaji namba ya hatimiliki, ambayo inapaswa kuwa kwenye mkataba wako. Kama haimo, angalia bili za ada za ardhi za kaunti. Matokeo ya upekuzi yana sehemu tatu, na unayoitafuta ni sehemu C, ya vizuizi: hapo huandikwa rehani, jina la mkopeshaji, kiasi na tarehe ya kusajiliwa, na pia tahadhari au amri za mahakama kama zipo. Usishtuke kwa kuona rehani tu. Jengo lenye rehani ni jambo la kawaida, na upekuzi hauonyeshi kama deni linalipwa au la. Cha kutazama ni mabadiliko: rehani ya pili juu ya ya kwanza, rehani iliyoongezwa kiasi miaka michache baada ya jengo kukamilika, au amri ya kuzuia uhamisho. Ishara hizo huonyesha mtu anayekopa ili alipe mkopo. Mwaka 2024 riba ya msingi ya Benki Kuu ilifika asilimia 13, na mikopo isiyolipwa ilipita asilimia 16 ya mikopo yote ya benki nchini, kwa hiyo upekuzi kabla ya kutoa diposi haustahili kuonekana kama ukorofi wa mpangaji.

Sasa swali la nani alipwe. Benki ina njia mbili za kuifikia kodi kabla ya kuuza. Kwanza, kwa kifungu cha 92, inaweza kuteua mpokezi wa mapato ya jengo, ambaye hukusanya kodi na kuipeleka kwenye deni. Pili, kwa kifungu cha 94, inaweza kuchukua usimamizi wa mali kwa kuwapa wapangaji notisi inayowataka wailipe benki kodi ambayo wangemlipa mwenye nyumba. Haihitaji kuingia mlangoni kwa nguvu, na sheria haiiruhusu kufanya hivyo. Notisi halali ikishakufikia, kodi utakayompa mwenye nyumba baada ya hapo haikutoi kwenye deni; utadaiwa tena. Ile uliyolipa kabla ya notisi, kwa wakati wake na kwa mtu aliyekuwa na haki ya kuipokea, haiwezi kudaiwa mara ya pili.

Kwa hiyo mtu akija na barua, kagua barua. Anayejiita mpokezi aonyeshe hati ya kuteuliwa kwake, yenye jina la mwenye mali na namba ile ile ya hatimiliki uliyoipata kwenye upekuzi. Piga simu benki kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, kamwe usitumie iliyoandikwa kwenye barua, kwa maana matapeli husoma matangazo ya mnada kama sisi sote. Akaunti mpya iwe kwa jina la benki au la mpokezi, isiwe ya mtu binafsi. Kisha mwandikie mwenye nyumba, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba umepokea notisi na kuanzia tarehe fulani utalipa kule. Atakasirika, na huenda akatisha kukufungia maji, lakini ujumbe huo ndio utakaokulinda baadaye. Taarifa za M-Pesa zenye namba ya muamala zihifadhi nje ya simu, simu hupotea.

Wakati mwingine pande zote mbili zinadai na kila moja ina wakili. Kosa linalofanywa hapo ni mpangaji kukaa na kodi na hatimaye kuitumia, akijiambia kwamba wakimaliza ugomvi wao watamtafuta. Watamtafuta kweli, na yule atakayeshinda anaweza kutumia Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, sura ya 293, kumtuma dalali achukue televisheni na friji. Pesa iwekwe kando, kwenye akaunti isiyoguswa, na pande zote mbili ziandikiwe kwamba ipo na iko tayari. Ugomvi ukiendelea, Agizo la 34 la Kanuni za Mashauri ya Madai linampa nafasi mtu anayeshika pesa inayodaiwa na wawili kuiomba mahakama iamue nani alipwe, na kuiweka pesa hiyo mahakamani. Kwa mpangaji wa bedsita gharama ya wakili ni kubwa kuliko kodi yenyewe, lakini wapangaji ishirini wa jengo moja wakiungana hesabu hubadilika. Hii ndiyo sababu kubwa ya wapangaji kuwa na kundi la pamoja mapema, kabla ya karatasi kubandikwa.

Diposi ndiyo inayouma zaidi. Kenya haina mfuko wala akaunti ya lazima ya kuhifadhi amana za wapangaji. Ukishamkabidhi mwenye nyumba, inachanganyika na pesa zake na kutumika. Jengo likiuzwa, kifungu cha 101 kinaeleza jinsi pesa za mauzo zinavyogawanywa: kwanza ada za ardhi na ushuru unaodaiwa kwa mali hiyo, kisha rehani iliyotangulia kama ipo, kisha gharama za kuuza, kisha deni la benki, kisha rehani zilizofuata, na kinachobaki anarudishiwa mwenye mali. Mpangaji hayumo popote kwenye orodha hiyo. Mnunuzi naye atakwambia kwamba yeye hakupokea diposi yako, na masharti ya mnada aliyotia sahihi kwa kawaida yanamwuzia mali ilivyo, bila dhamana ya amana za mtu.

Njia ya kuiokoa ni moja yenye matumaini, nayo hufungwa mapema: kuila. Mara unapojua kwamba notisi ya kuuza imetolewa, mwombe mwenye nyumba akubali kwa maandishi kwamba diposi yako itahesabiwa kama kodi ya mwezi fulani. Wengi hukubali, kwa sababu wanajua hawataweza kuirudisha. Usijiamulie peke yako, kwa maana mikataba mingi inakataza wazi diposi kugeuzwa kodi, na ukifanya hivyo bila idhini unakuwa mdaiwa wa kodi. Kama benki imekwisha kuchukua usimamizi, idhini ya mwenye nyumba pekee haitoshi tena. Iombe benki, ukiambatisha risiti. Baadhi zitakubali ili jengo lisibaki tupu kabla ya mnada, kwa sababu jengo tupu huuzwa kwa bei mbaya. Njia hiyo ikishindikana, inabaki Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inakuruhusu kujiwakilisha bila wakili, na sheria iliyoiunda mwaka 2016 inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Hukumu utaipata. Kuitekeleza dhidi ya mtu ambaye jengo lake limeuzwa ni kazi nyingine, na afadhali uijue kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri.

Wenye maduka wana hatari ya aina yake, na kwa maoni yangu ndio wanaodanganywa zaidi. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinaweka sharti ndani ya kila rehani: mkopaji hataipangisha mali kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji. Sasa tazama mikataba ya maduka ya Nairobi. Mingi ni ya miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita, kwa sababu inayojulikana: mkataba usiozidi miaka mitano humpa mfanyabiashara ulinzi wa sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, na wenye majengo hawautaki ulinzi huo. Kwa hiyo mtu anatia sahihi miaka sita, analipa diposi ya miezi mitatu na pengine gudwili (malipo ya kupewa nafasi), anaweka vigae, rafu na kioo cha mbele, halafu mkataba hausajiliwi kwa sababu msajili anadai idhini ya benki, na mwenye jengo hakuwahi kuiomba. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema hati isiyosajiliwa inafanya kazi kama mkataba kati ya waliotia sahihi tu. Mnunuzi wa mnadani hakutia sahihi. Miaka minne iliyobaki kwenye karatasi inaweza isimfunge hata kidogo.

Mfanyabiashara anayetaka kuwekeza kwenye duka la kupanga adai barua ya idhini ya mkopeshaji kabla ya kutoa pesa yoyote. Barua hiyo ni ukurasa mmoja, na kifungu hicho cha 88 hakiiruhusu benki kuinyima bila sababu ya maana. Alipe pia ushuru wa stempu, kwa maana mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi. Kwa upande mwingine, mwenye kioski asiye na mkataba wa maandishi kabisa yuko mahali pazuri kuliko anavyodhani. Sura ya 301 inamlinda asiye na maandishi sawa na mwenye mkataba usiozidi miaka mitano: mwenye jengo mpya lazima ampe notisi ya miezi miwili kwa fomu rasmi, naye anaweza kuipinga mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Na mnunuzi hawezi kumwondoa kwa kisingizio kwamba anataka nafasi aitumie mwenyewe ikiwa amenunua chini ya miaka mitano kabla ya notisi.

Kwa nyumba za kuishi ulinzi ni mwembamba zaidi. Sheria ya Kudhibiti Kodi bado inataja kikomo cha shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi kisicholipa hata chumba kimoja cha mabati katika mitaa mingi ya mji, kwa hiyo haiwagusi wengi. Hata hivyo upangaji wa mwezi kwa mwezi haufi kwa mnada. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinauhesabu miongoni mwa haki zinazoifuata ardhi hata bila kuandikwa kwenye hatimiliki, pamoja na mikataba isiyozidi miaka miwili. Mnunuzi anaununua pamoja na jengo. Akitaka utoke, atoe notisi isiyopungua kipindi cha kodi, ikiishia siku ya kulipa kodi. Na kama anadai kwamba unakaa hapo bila ridhaa yake, kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kukuondoa, na unaweza kwenda mahakamani kuipinga. Kung'oa milango na kukata maji si utaratibu uliomo kwenye sheria yoyote.

Kipindi cha vurugu zaidi ni kile baada ya nyundo kugongwa. Masharti ya kawaida ya minada ya benki ni kulipa asilimia 25 papo hapo na zilizobaki ndani ya siku 90. Katika siku hizo aliyeshinda hujiona mwenye nyumba, na kesho yake asubuhi anaweza kuja na kufuli na kitabu cha risiti. Bado hajasajiliwa, na akishindwa kumaliza malipo mauzo yanaweza kuvunjika. Mwambie alete barua ya benki inayosema kodi ya kipindi hicho ni ya nani. Asipokuwa nayo, endelea kumlipa yule uliyeelekezwa na notisi ya mwisho iliyo halali. Uhamisho ukisajiliwa, upekuzi mpya utaonyesha jina lake kwenye sehemu B, na hapo hakuna ubishi tena. Sainini naye mkataba mpya haraka, wenye namba ya hatimiliki na kiasi cha diposi.

Bunge linaweza kuondoa sehemu kubwa ya dhuluma hii kwa kuongeza mstari mmoja kwenye kifungu cha 101, baada ya gharama za mnada na kabla ya deni la benki: amana za wapangaji zilizothibitishwa kwa risiti au mkataba. Benki zitasema hilo linapunguza dhamana yao. Kwa jengo la nyumba 30 zenye kodi ya shilingi 20,000 kila moja, amana zote za mwezi mmoja ni shilingi 600,000, na jengo lenyewe ni la makumi ya milioni. Benki inayokagua ripoti ya mthamini kabla ya kukopesha inaweza kuliona deni hilo siku ya kwanza, ikalitoa kwenye hesabu yake, na kumtaka mkopaji aziweke amana hizo kwenye akaunti asiyoweza kuzitoa bila sahihi ya mpangaji.